Shughuli ya nani? Hotuba kwa vijana wanaojifunza kuunda programu, Mtwara

Hotuba hii niliitoa Jumamosi hapa Mtwara mjini. Mliokuwa shamba na mliokwama njiani mliomba muipate, kwa hiyo nimeiandika kama nilivyoisema. Nilivyovichora ubaoni nimevieleza kwa maneno. Kaeni na karatasi karibu.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliopo, wadogo zangu wote: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Jana jioni nilimpitia bibi yangu kule Mikindani. Akaniuliza kesho naenda wapi na shati lililopigwa pasi namna hii. Nikamwambia, "Bibi, naenda kuwafundisha vijana mchoro wa shughuli." Akaacha kupepeta mchele. Akaniangalia. "Shughuli ya nani? Harusi, au kuna mwali anatoka?"

Mnacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini njiani, narudi mjini, kicheko kikaniisha, kwa sababu nilitambua kwamba bibi yangu anaujua mchoro wa shughuli kuliko nilivyoujua mimi mwaka wa kwanza niliposomeshwa.

Tuichukue harusi. Mwenye shughuli akishasema "haya, tuanze", nini hutokea? Je, watu wanapanga foleni wafanye jambo moja moja? Hapana! Wanaume wanakwenda kuchinja. Akina mama wanachambua mchele. Kuna kijana ametumwa kwa shehe. Kuna chumba kimefungwa, bibi harusi anarembwa. Yote hayo yanakwenda kwa wakati mmoja na hakuna anayemsubiri mwenzake. Lakini sinia za pilau zinatoka lini? Hazitoki mpaka nikahi imepita na pilau imeiva. Na! Si "au". Pilau ikiwahi kuiva na shehe amechelewa, sufuria inafunikwa. Shehe akiwahi na nyama bado ngumu, wageni wanakaa jamvini wakipiga soga.

Hicho ndicho mchoro wa shughuli. Unaonyesha nani anafanya nini, kazi zipi zinakwenda sambamba, na wapi lazima mtu asubiri. Naomba niseme tena hilo la mwisho: wapi lazima mtu asubiri. Kufuatanisha hatua moja baada ya nyingine hata orodha ya sokoni inaweza. Kinachofanya tuchore ni kule kusubiri.

Alama zake nitazipitia haraka, maana wengi mnazo kwenye madaftari. Kidoti cheusi ni mwanzo. Mstatili wenye pembe za mviringo ni tendo, na ndani yake unaandika kitenzi: "Pima uzito", "Toa stakabadhi". Mshale unaonyesha kinachofuata. Umbo la almasi ni njia panda, na kila mshale unaotoka hapo unaandikiwa sharti lake ndani ya mabano ya mraba. Kisha kuna mstari mnene mweusi, umelala kama mwamba wa goli. Mimi nauita mwamba hivyo hivyo. Mshale mmoja ukiingia kwenye mwamba na kadhaa ikatoka, kazi zimegawanyika ziende sambamba. Kadhaa ikiingia na mmoja ukatoka, hapo watu wanasubiriana. Mwisho kabisa ni duara lenye kidoti kizito ndani, kama jicho.

Mchoro huu ni mmoja katika familia ya michoro ya UML, ile lugha ya kuchora mifumo ambayo Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson waliianzisha kwa kuunganisha mbinu zao tatu, na ambayo shirika la viwango la OMG liliipitisha mwaka 1997. Lakini wazo la kuchora kazi hatua kwa hatua ni la zamani zaidi. Frank na Lillian Gilbreth, mtu na mkewe, waliwaonyesha wahandisi wa Marekani michoro ya namna hiyo mwaka 1921, wakati hakuna kompyuta hata moja. Jambo moja la historia lisiwapite: katika matoleo ya kwanza ya UML, mchoro wa shughuli ulihesabiwa kuwa aina ya mchoro wa hali, yaani ule unaoonyesha kitu kimoja kinapitia hali zipi. UML 2, iliyotoka rasmi mwaka 2005, ikaubadilisha, ikausogeza karibu na nyavu za Mjerumani Carl Adam Petri, michoro ambayo ndani yake kete zinatembea, aliyeziandika kwenye tasnifu yake ya mwaka 1962. Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu vitabu vya zamani bado vipo maktaba, na mtu akichora kwa kanuni za zamani, mchoro wake ukasomwa kwa kanuni mpya, anapata ajali. Mimi mwenyewe niliipata. Nakuja huko.

Nani hapa anacheza bao? Nyoosheni mikono. Wazee wetu wa barazani wangewaonea huruma, mikono ni michache mno. Haya. Kwenye bao kuna kete. Na ndani ya mchoro wa shughuli kuna kete pia, ila haichorwi. Unaiweka kichwani, na ukiielewa hiyo, umemaliza nusu ya somo.

Kete inazaliwa kwenye kidoti cheusi. Inafuata mshale. Ikifika kwenye tendo, tendo linaanza. Tendo likiisha, kete inatoka upande wa pili. Ikifika njia panda, inachagua mshale mmoja tu. Mmoja tu! Ikifika kwenye mwamba wa kugawanya, kete moja inakuwa mbili, au tatu, kwa idadi ya mishale inayotoka. Ikifika kwenye mwamba wa kukutana, inakaa pale inangoja wenzake, na wote wakifika inatoka moja. Kwa hiyo ukiwa mbele ya mchoro wowote, wako au wa mwenzako, swali lako la kwanza ni lipi? Kete iko wapi? Weka kidole kwenye kidoti cheusi, utembee nacho, na kila hatua ujiulize: kete iko wapi?

Sasa ajali yangu.

Miaka kadhaa iliyopita tulitengeneza mfumo wa kupokea korosho kwa chama kimoja cha msingi. Jina nalihifadhi, na kosa lilikuwa langu, si lao. Mnajua utaratibu wa stakabadhi ghalani. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza msimu wa 2007/08 hapa hapa kwetu. Mkulima analeta korosho zake AMCOS, yaani kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, zinaangaliwa ubora, zinapimwa, anapewa karatasi yake, mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada.

Kwenye kupima kulikuwa na njia mbili. Mizani ya kielektroniki ikiwa nzima, uzito unasomwa moja kwa moja. Umeme ukikatika, karani anapima kwa mizani ya kawaida na kuandika kwa mkono. Nikachora njia panda, mishale miwili, matendo mawili. Mpaka hapo ni sawa. Halafu kutoka kila tendo nikachora mshale unaokwenda moja kwa moja kwenye "Chapa stakabadhi". Mishale miwili inaingia kwenye tendo moja. Inapendeza machoni, au siyo?

Kete iko wapi?

Kwa kanuni za UML 2, mishale miwili ikiingia kwenye tendo moja, tendo linasubiri kete kutoka mishale yote miwili. Ni kama kuna mwamba usioonekana. Lakini mimi nina kete moja tu, maana njia panda imeipeleka upande mmoja. Tendo la kuchapa litasubiri mpaka kiama. Mwenzangu aliyeandika programu alikuwa Dar es Salaam, hakuwahi kuiona AMCOS, akafuata mchoro kwa uaminifu. Mfumo ukakataa kuchapa mpaka sehemu zote mbili za uzito zijazwe.

Mnadhani makarani walipiga simu kulalamika? Wapi! Msimu umeanza, foleni ya wakulima imefika barabarani. Waligundua kwamba ukiandika uzito mara mbili mfumo unapita. Wakawa wanaandika mara mbili. Mara nyingine 64 na 64. Mara nyingine, kwa uchovu, 64 na 46. Tulikuja kujua baada ya wiki tatu, wakati hesabu za ghala na za chama zilipokataa kukutana, na mkulima mmoja mzee amefunga safari mara nne kuulizia karatasi yake.

Dawa yake ilikuwa almasi moja ndogo. Almasi ina kazi mbili: inagawanya njia, na inaziunganisha tena. Mishale miwili inaingia kwenye almasi, mmoja unatoka kwenda kuchapa. Almasi haisubiri. Kete yoyote ikifika inapita. Nilipokuwa nasoma kitabu cha zamani sikuona umuhimu wake, nikaona ni mapambo.

Nikajifunza? Nilijifunza kupita kiasi. Nikaanza kutia almasi kila mahali. Mfumo uliofuata ulikuwa wa malipo. Kabla fedha hazijaenda kwa mkulima, mambo mawili yanakwenda sambamba: kuhesabu makato, na kuhakiki akaunti ya benki. Nikachora mwamba, kazi zikagawanyika vizuri. Zilipokutana, badala ya mwamba wa pili nikatia almasi. Kete mbili zimetoka kwenye mwamba, zote mbili zinafika kwenye almasi, na almasi haisubiri. Ya kwanza ikapita, "Tuma malipo". Ya pili ikapita, "Tuma malipo". Kila mkulima kalipwa mara mbili. Alhamdulillahi yalikuwa majaribio, fedha za kwenye karatasi. Mhasibu wao akavua miwani akasema, "Mfumo wenu huu ni mkarimu."

Kwa hiyo wadogo zangu: kilichogawanywa na mwamba kikutane kwenye mwamba, na kilichogawanywa na almasi kikutane kwenye almasi. Ukiwahi kuvunja kanuni hiyo uwe na sababu unayoweza kuieleza kwa mdomo.

Masharti ya njia panda nayapitia, ila mfano mmoja siuachi. Tuseme kikomo cha unyevu ni asilimia 10. Mwanafunzi kaandika upande mmoja "unyevu chini ya 10", upande wa pili "unyevu zaidi ya 10". Ikija korosho ya 10 kamili? Mkulima anasimama hapo na gunia lake, hakataliwi wala hapokelewi. Na tena, msiandike "Pima unyevu" ndani ya almasi. Almasi haina mikono, haipimi. Kupima ni tendo, linakuja kabla. Almasi inasoma jibu tu.

Kuna jambo la pili wengi hawalipi uzito: namna ya kumaliza. Lile duara lenye jicho lina nguvu kuliko mnavyodhani. Kete moja ikilifikia, shughuli nzima inakufa, na kete zingine zote popote zilipo zinafutwa. Mwanafunzi wangu mmoja alichora upokeaji wa mzigo wa gunia 12, kila gunia na kete yake. Gunia likiwa na korosho chafu, mshale unakwenda kwenye jicho. Gunia la tatu likaonekana lina mchanga. Mnaona kilichotokea? Mzigo wote ukafungwa! Gunia tisa hazijaguswa, na mfumo unasema kazi imekwisha. Ipo alama nyingine, duara lenye alama ya kuzidisha ndani yake. Hiyo inameza kete moja tu, wengine wanaendelea. Kwenye harusi, mgeni mmoja akiaga na kuondoka, ngoma haizimwi.

Sasa nafika ninapopapenda zaidi, na mwenyekiti ukinionyesha saa nitajifanya sijaiona.

Mchoro unaweza kugawanywa kwa safu, kila safu ya mhusika wake. Mkulima safu yake, AMCOS safu yake, msafirishaji, ghala, mnunuzi, benki. Kila tendo linakaa kwenye safu ya anayelifanya. Wanafunzi wanazichora safu hizi mwishoni kama mtu anayepaka rangi nyumba. Mimi nazichora kwanza, kabla ya tendo hata moja. Kwa nini? Kwa sababu tendo likikosa safu, maana yake hakuna mwenye nalo.

Tulikuwa kijiji kimoja upande wa Tandahimba, tumekaa chini ya mkorosho na viongozi wa chama, nimetandaza karatasi kubwa juu ya benchi. Sikuwaeleza UML ni nini. Niliwaambia tu, "Wazee, hii ni safari ya korosho, niambieni nilipokosea." Mzee mmoja aliyekuwa karani tangu zamani akafuata mishale kwa kidole, polepole, akinong'ona. Akapita kwenye kupima, akapita kwenye stakabadhi, akafika kwenye mshale uliovuka kutoka safu ya AMCOS kwenda safu ya ghala. Kidole kikasimama.

"Hapa gari liko barabarani," akasema. "Mvua imenyesha, limekwama siku mbili. Korosho ni za nani?"

Nikanyamaza. Mwenyekiti wao akanyamaza. Halafu wakaanza kubishana, na ubishi ule ulichukua zaidi ya saa moja, kwa sababu kumbe kila msimu uzito wa chamani na uzito wa ghalani vilikuwa vinatofautiana, na kila msimu walikuwa wakinuniana bila kujua tofauti inazaliwa wapi. Nilikuwa nimechora mshale mmoja mwembamba, sentimita tatu. Ndani ya sentimita tatu zile kulikuwa na gari, dereva, turubai, mvua, kunyauka kwa korosho, na wasiwasi wa watu.

Tukaongeza matendo mawili: kuhesabu gunia wakati wa kupakia, na kuhesabu tena wakati wa kushusha, kila moja na sahihi za pande mbili. Na katikati ya mshale tukachora kisanduku chenye pembe kali: "Hati ya makabidhiano". Kisanduku cha namna hiyo kinaonyesha kitu kinachopita kutoka tendo moja kwenda jingine.

Na hapo ndipo mchoro huu unapoungana na uundaji wa programu kwa kutumia vitu, maana najua wapo mnaojiuliza hotuba hii inahusiana vipi na somo lenu. Kile kisanduku ni kitu. Unaweza kukiandikia hali yake ndani ya mabano ya mraba. Stakabadhi [imetolewa]. Stakabadhi hiyo hiyo, mbele kidogo, [iko mnadani]. Mbele tena, [imelipwa]. Ukikusanya visanduku vyote unapata orodha ya madarasa ya programu yako, yaani zile ramani ambazo programu inaundia vitu vyake. Ukikusanya hali zake unajua kila kitu kinapitia maisha gani. Ukiangalia matendo, unaona darasa lipi libebe kazi ipi. Msianze kuandika darasa la Stakabadhi kwa kukisia lina nini ndani. Ifuateni stakabadhi yenyewe njiani, itawaambia.

Mnada ndio mtamu zaidi kuuchora. Siku hizi zabuni zinakwenda kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, zamani zilitumbukizwa sandukuni. Lakini wakulima wanaweza kuikataa bei. Wakikataa, mshale unarudi nyuma, kusubiri mnada mwingine. Unarudi wapi? Kwenye tendo moja kwa moja? Haa! Mmeanza kuelewa. Unarudi kwenye almasi, la sivyo tunasubiri kete mbili tena. Na kule kusubiri tarehe kuna alama yake, umbo kama saa ya mchanga, lenye maneno "siku ya mnada imefika".

Je, kila kitu kichorwe? Hapana jamani. Nimechoka kuletewa mchoro wa mtu kuingiza jina na nywila. Almasi moja, nywila sahihi, nywila si sahihi, basi. Hakuna anayesubiriana pale, hakuna safu inayovukwa, na aliyekuchorea hajajifunza chochote. Mchoro wa kurasa nne uliobandikwa ukutani nao ni ugonjwa. Kama mzee hawezi kuufuata kwa kidole chini ya mkorosho, uukate vipande. UML inakuruhusu tendo moja liwe na mchoro wake mwingine ndani. Chora pale wanapokutana watu wengi, kazi zinapokwenda sambamba, au mnapobishana. Mahali pengine kote, andika sentensi tatu tu.

Dada aliyekaa pale dirishani ameuliza kama programu ya kuchorea ni lazima. Si lazima. Zipo nzuri, zipo za bure, lakini mchoro safi wa kompyuta unawatisha watu, wanaogopa kuuharibu. Yule mzee asingeweka kidole kwenye kioo cha kompyuta yangu.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani. Tokeni hapa, mkasimame kwenye kivuko cha Msangamkuu nusu saa. Angalieni abiria, pikipiki, wenye matenga ya samaki, mkata tiketi, mwenye kufungua mlango wa pantoni. Mchore safu kwanza. Pantoni inasubiri nini kabla haijaondoka: muda, au kujaa, au vyote viwili? Msikisie, muulizeni mkata tiketi, mfuateni na karatasi, apitishe kidole chake. Jumamosi ijayo tutaweka kete kwenye mchoro wa kila mmoja, kete za kweli, nitaazima bao la babu. Na mje na kalamu za risasi. Za wino ziacheni nyumbani.